Fundi wa Lifti na Swali la Saba

Wenzake kazini walimwita Ngazi. Wiki yake ya kwanza alitundika vibao vingi vya LIFTI MBOVU, TUMIA NGAZI, hata wapangaji wa jengo moja wakadhani hilo ndilo jina la kampuni. Jina likamganda. Miaka kumi na tisa baadaye alikuwa fundi mwenye uzoefu kuliko wanaume sita aliofanya nao kazi, na bado aliitwa Ngazi, naye aliitika, maana alishaitwa mabaya zaidi na watu waliokwama kati ya ghorofa ya tano na ya sita.

Kuzungumza na waliokwama ndiko kulikompa sifa. Kengele ya ndani ya lifti humpigia simu fundi wa zamu, na wanaume wa kampuni walizipokea simu hizo kwa kufoka: "Tulia! Nimesema tulia!" Maneno hayo hayajamtuliza mtu yeyote tangu dunia iumbwe. Ngazi alikuwa na utaratibu wake. Aliuliza mko wangapi. Kisha alisema ukweli kuhusu muda: kama ni dakika ishirini, alisema ishirini, wala hakusema "sasa hivi", kwa kuwa sasa hivi ya mafundi inajulikana. Mwisho alitoa amri moja tu, msijaribu kutoka wenyewe.

"Lifti haimuui aliyekaa ndani," alikuwa akisema. "Wanaoumia ni wanaopanua mlango wakaruka. Kaeni chini. Hata kama mnataka kulia, lieni mmekaa."

Na watu walikaa. Wakili mmoja alikaa sakafuni na suti yake dakika thelathini na tano, akatoka ameshikana mkono na mwanamke aliyekuwa anakwenda kumshtaki.

Kwa hiyo hofu ilipomjia Ngazi mwenyewe, ilikuwa na adabu ya kutomfuata kazini. Ilimkuta dukani, akijaribu viatu.

Mguu wa kulia ulikuwa ndani ya kiatu cha duka, wa kushoto ndani ya chake, na muuzaji alikuwa akimhakikishia kwamba ngozi itatanuka. Ghafla moyo ukaanza kukimbia kana kwamba umesikia habari ambayo yeye hajaambiwa. Vidole vikafa ganzi. Koo likabana. Akajua, kwa uhakika ambao binadamu huupata mara chache maishani, kwamba anakufa, na kwamba anakufa na viatu viwili visivyofanana. Akakimbia. Muuzaji naye akakimbia nyuma yake, na mtu hawezi kumlaumu.

Hospitalini walimpima moyo, wakaukuta mzima. Akashikwa tena kwenye foleni ya benki, wakampima tena, mzima. Mara ya tatu ilikuwa nyumbani, akikunja shuka, na daktari, ambaye kufikia hapo walishazoeana, alitazama karatasi yenye mistari ya mapigo akatikisa kichwa.

"Mama, moyo huu utanizika mimi. Hii ni mishtuko ya hofu. Ina jina na ina tiba. Haiui."

"Na mimi huwaambia watu hivyo hivyo," alisema Ngazi. "Huwa hawaniamini."

Daktari akamwandikia barua ya kwenda kwa mshauri wa afya ya akili. Ngazi akaichomeka ndani ya kitabu cha vipuri, kwenye kurasa za lifti ambazo hazitengenezwi tena.

Aliyeikuta ni dada yake mkubwa. Walikuwa wakiishi pamoja tangu wote wawili wafiwe na waume. Dada alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Alilisha watoto mia nne kwa siku, na hakuona sababu ya mtu yeyote kuwa na hofu akishakula.

"Mdogo wangu, hii nini?"

"Barua."

"Naona ni barua, mimi si kipofu. Inasema akili."

"Inasema afya ya akili."

"Hiyo afya wameiweka mbele ili usishtuke. Ukionekana kwenye mlango ule mara moja, basi. Hata ukikohoa, watasema ni kichwa."

"Sasa nifanye nini, dada?"

"Ule vizuri, ulale, usikae na mawazo."

Ngazi akauliza mtu anakaaje bila mawazo. Dada akasema yeye anaweza. Kwa heshima ya umri, Ngazi hakubisha.

Kilichompeleka kwa mshauri si barua. Ni goti lake.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, kwenye jengo la ghorofa tisa. Ngazi alikuwa ndani ya shimo la lifti, amesimama juu ya paa la kibanda kinachobeba watu, akipaka reli grisi kati ya ghorofa ya sita na ya saba. Sheria inataka mafundi wawili kwa kazi hiyo. Kampuni ilipendelea mmoja, kwa hoja kwamba wawili ni wengi. Alikuwa peke yake, na hofu, iliyokwisha kupoteza adabu, ikamkuta hapo.

Mwanamke aliyewaamuru mamia ya watu wakae chini hakukaa. Aliupanua mlango wa ghorofa ya saba kwa mikono, akajivuta kwa tumbo mpaka ukumbini, bila kubonyeza swichi ya kuzuia kibanda kisiondoke. Goti lake lilipita karibu na kitufe cha kupandisha, kilichokuwa pale juu ya paa la kibanda, likakikosa kwa upana wa kidole. Lingekigusa, kibanda kingepanda wakati yeye yuko nusu ndani nusu nje, na hapo hatafutwi mshauri wala daktari. Hutafutwa seremala.

Mama mmoja aliyekuwa akipiga deki alimwona fundi akitokea ukutani kwa tumbo. Akaegemea mpini wa kidekio chake.

"Pole. Karibu," alisema. Halafu, "Lifti tayari?"

"Bado."

"Basi usinikanyagie hapo, pabichi."

Ngazi alikaa palepale pabichi. Dakika kumi na moja. Aliangalia saa kwa mazoea ya kazi. Hakuna aliyejua alichokosea, na angeweza kukizika hapo hapo kwenye maji ya deki. Lakini alishawatoa watu waliofanya kosa hilo hilo wakafika ng'ambo ya mlango wakiwa pungufu. Hasira zikampanda. Kuogopa alijisamehe. Kutoka, hapana.

"Nimetoka," alijisemea njiani, kwa sauti ya mtu aliyemfumania mwizi na mwizi ni yeye. "Mimi! Nimetoka!"

Alasiri ile aliitoa barua kitabuni.

Chumba cha mshauri kilikuwa nyuma ya kliniki ya meno, kwa hiyo huzuni za watu zilisimuliwa humo zikisindikizwa na mlio wa mashine ya kutobolea meno. Mshauri alikuwa binti wa umri wa kuitwa mwanangu. Alimwomba Ngazi amweleze hofu inavyokuja, na Ngazi akatoa daftari. Aliandika mishtuko yake kama alivyozoea kuandika hitilafu za lifti: tarehe, saa, mahali, muda, hatua iliyochukuliwa. Mishtuko tisa. Mrefu kuliko yote, dakika kumi na nne.

Mshauri alisoma bila haraka. "Kwenye hatua iliyochukuliwa umeandika 'nilikimbia'. Mara tisa."

"Ndiyo."

"Mshtuko uliisha kwa sababu ulikimbia?"

Ngazi alilifikiria swali kifundi. "Sijui. Sijawahi kuujaribu nikiwa nimekaa."

"Basi hatujui."

"Unataka nikae?"

"Wewe huwaambia nini watu wako?"

"Usinigeuzie maneno yangu, mwanangu. Hayo huwaambia mimi nikiwa nje."

Binti akacheka kicheko cha kweli, na Ngazi akajikuta anampenda, shingo upande.

Wiki ya tatu Ngazi ndiye aliyemfundisha mshauri. Alimweleza kwamba kila lifti ina breki ya dharura, inayouma reli endapo kibanda kitaanguka. Mara nyingine breki huuma wakati kibanda hakianguki. Kamba nzima, injini nzima, ila breki imehisi mwendo usioipendeza. Abiria hudhani wamekwisha. Fundi anajua kwamba breki haijafa, imekuwa nyepesi mno, na breki ya hivyo huing'oi. Unairekebisha, unaijaribu, unairekebisha tena. Mshauri aliomba ruhusa ya kuyaiba maneno hayo, akayaandika.

Marekebisho yalianzia duka la viatu. Alipewa kazi ya kwenda kukaa kwenye kile kigoda cha kujaribia viatu, avute pumzi taratibu, asiondoke mpaka hofu ishuke yenyewe. Siku ya kwanza ilichukua dakika kumi na mbili, muuzaji akiwa amesimama mlangoni kwa tahadhari. Siku ya nne, tisa. Siku ya tano alinunua viatu, kwa kuwa hata tiba ina haya yake. Hofu haikumwacha. Ilipungua tu, na siku nyingine ilijifunza kubisha hodi.

Ndipo ikaja fomu.

Kila mwaka mafundi hujaza fomu ya afya kabla ya kupewa kibali cha kuingia shimoni. Swali la saba linauliza: Je, umewahi kupatwa na kizunguzungu, hofu ya ghafla au tatizo lolote la akili? Miaka yote kumi na tisa kampuni nzima ilijibu Hapana, akiwemo fundi asiyeweza kusimama juu ya kiti bila kushika ukuta. Ngazi akaandika Ndiyo. Nafasi ilikuwa finyu, akaendelea nyuma ya karatasi: mishtuko, matibabu, goti, kitufe, na kwamba alikuwa peke yake.

Msimamizi wao, aliyeitwa Mkubwa kwa sababu ndivyo alivyoomba aitwe, alimwita ofisini.

"Dada Ngazi, nilikupa fomu. Umenirudishia wosia."

"Nimejibu swali."

"Lile si swali la kujibiwa. Ni la kujazwa. Chukua nyingine hii, andika hapana, twende kazini."

"Na nikishikwa tena juu ya kibanda?"

"Utashikwaje na umeshaandika hapana?"

Ngazi alimtazama kama mtu anavyotazama kitu cha makumbusho.

"Mkubwa, mficha maradhi kifo humuumbua."

"Kifo hakisomi fomu. Watu wa bima ndio wanaosoma. Ukiiacha hiyo 'Ndiyo' yako, nakutoa shimoni leo. Utapanga skrubu stoo mpaka ustaafu."

"Nitoe. Ila andika sababu, na lile la kunituma peke yangu uliandike pia. Halafu nimemwomba mkaguzi wa lifti wa serikali aje anipime. Barua nimeshapeleka."

"Umepeleka lini?"

"Kabla sijaingia humu. Si nakujua?"

Akakaa stoo wiki sita, akipanga skrubu kwa ukubwa. Shimo la lifti ndilo lilikuwa kazi yake ya maisha, na kila jioni alirudi nyumbani bila grisi kwenye kucha, jambo lililomuudhi kuliko alivyotaka kukiri.

"Nilikwambia," alisema dada yake.

"Uliniambia, dada."

"Neno moja tu ungeandika. Hapana. Lina gharama gani?"

"Ningeandika hapana, ningerudi juu ya kibanda na siri, na siri haishiki mtu mkono."

Dada akafuta meza iliyokuwa safi. Akaifuta tena. "Hivi inakuwaje hasa, hiyo hofu? Masikio huziba?"

"Huziba."

"Na mikono inakuwa kama si yako?"

Ngazi akamtazama. "Dada."

"Mimi ni presha tu," alisema dada, akaenda jikoni. Baada ya muda sauti ilitoka huko: "Huyo binti wako wa kliniki yupo siku gani?"

Mkaguzi alifika Alhamisi. Alikuwa mzee mkavu, mwenye kofia yake mwenyewe ya kazi na tabia ya kutojibu salamu zaidi ya mara moja. Walipanda pamoja juu ya kibanda. Ngazi alikagua kamba, akasafisha reli, akaeleza kila hatua. Kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, hofu ikaja. Bila shaka ingekuja, ingekosaje?

Alibonyeza swichi ya kusimamisha. Akakaa chini.

"Nimeshikwa," alisema. "Kibanda kimefungwa, hakiendi popote. Ikizidi sana ni dakika kumi na nne. Usiniongeleshe, na usitoke."

Mkaguzi, ambaye hakuwa ameambiwa akae, naye akakaa.

Jasho lilimtiririka Ngazi ndani ya ovaroli. Moyo uligonga kama unataka kufunguliwa. Alivuta pumzi, akaishusha taratibu, na kichwani akaisemesha hofu kwa lugha ambayo hakuwahi kumsemesha mteja. Haya, lete vyote. Ganzi? Nimeiona. Koo? Nalijua. Kifo? Uliniahidi dukani, mpaka leo hujaleta. Hofu ilipanda, ikasimama, ikaanza kushuka. Dakika nane. Alifuta uso, akainuka, akamalizia reli ya pili.

"Sasa mimi niandike nini?" aliuliza mkaguzi. Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote siku hiyo.

"Ulichoona."

Majibu yalikuja na mhuri. Fundi anaruhusiwa kurudi shimoni na kuendelea na matibabu, kwa sharti kwamba hatafanya kazi juu ya kibanda akiwa peke yake. Sharti hilo lilikuwa sheria kwa mafundi wote tangu Ngazi hajaajiriwa. Tofauti ni kwamba sasa lilikuwa na jina la mtu, na nakala kwa watu wa bima.

Jumatatu Mkubwa alimtuma kwenye jengo la ofisi, peke yake. Ngazi alifika, akaizima lifti, akapindua ndoo, akaikalia. Wenye tai walipita wakihema. Saa tatu na nusu simu ikaita.

"Dada Ngazi, wapangaji wananipigia. Umefika wapi?"

"Nimefika mlangoni. Mtu wa pili yuko wapi?"

"Ni grisi tu hiyo, nusu saa."

"Najua ni grisi. Mtu wa pili?"

"Unanifanyia makusudi."

"Kabisa," alisema Ngazi. "Na kuanzia leo wenzangu wote watakufanyia. Tumeshazungumza."

Simu ilikatwa. Saa nne fundi wa pili akaingia, amenuna, begi la zana begani. Akaangalia shimo, akamwangalia Ngazi.

"Sasa ukishikwa huko juu, mimi nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Kaa nikuone."

"Na Mkubwa akipiga?"

"Mwambie tuko wawili," alisema Ngazi, akabonyeza swichi, akapanda.