Miguu Minne ya Nadhiri

Nyasi zilizokatwa asubuhi, lami inayochemka, na dawa ya kuchua ambayo mama yangu alijipaka magotini: hiyo ndiyo harufu ya kiangazi nilichotimiza miaka kumi. Sisi Wakongo wa Beechmont, hapa Louisville, tulikuwa na hija yetu ya kila mwaka, siku tatu kwa miguu kuelekea kusini, hadi kwenye monasteri yenye sanamu ya Mama Maria katikati ya mashamba ya mahindi. Usiku tulilala sakafuni katika kumbi za makanisa ya njiani, tumejifunika vitenge. Siku ya pili ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote, na barabara ile haikuwa na kivuli hata cha kuazima. Wenyeji wa huko, ambao wakimwona mtu anatembea hudhani gari lake limeharibika, walisimama mara kwa mara kutuuliza kama tunahitaji msaada. Tuliwapungia mikono, tukaendelea na rozari yetu.

Wengi walikuja kushukuru. Mama alikuja kwa nadhiri. Tulipoletwa Marekani, kaka yangu Amani alibaki katika kambi ya wakimbizi Burundi kwa sababu faili lake lilikwama, na kila tulipompigia simu alijibu “bado” kwa sauti iliyozidi kuwa ndogo. Basi Mama akamwahidi Mungu kwamba yeye na mimi tutatembea njia nzima bila kupanda chochote, ili Amani afunguliwe njia. Kwetu ahadi ya namna hiyo ina sheria yake: ukipanda gari, hata kwa kitambo kidogo, unarudi pale ulipopandia na kuanza tena. Sheria hiyo niliijua kama nilivyoijua Baba Yetu. Nikaivunja.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Mama alikuwa mbele na kina mama walioongoza nyimbo, mimi nachechemea nyuma kabisa, malengelenge yakiniuma kama makaa. Baba Rehema, jamaa mcheshi aliyetoka Columbus na gari lake ili kutubebea maji, akapunguza mwendo ubavuni mwangu.

“Mademoiselle, unatembea kama kuku amefungwa kamba!”

“Sijachoka.”

“Bon. Mvumilivu hula mbivu, lakini mtoto hula biskuti. Panda.”

Nikapanda. Nilijilaza kati ya makasha ya maji tulipompita Mama, na baada ya kama maili mbili nikashushwa kwenye kanisa dogo jeupe ambapo wote wangepumzika. Nikakaa ngazini nikila biskuti zangu, raha mustarehe.

Mama alipofika, hakukaa. Alinitazama, akatazama gari.

“Weye umefika namna gani mbele yangu?”

Nikaficha biskuti nyuma yangu. Baba Rehema akajikuna kisogo. “Mama Amani, umuache mtoto. Mungu hahesabu kilomita za watoto.”

“Kama yeye hahesabu, donc miye niko nahesabu. Nilimuahidi miguu nne. Yangu mbili haitoshi.” Akanigeukia. “Ulipandia wapi?”

Nikamwambia: penye ghala jekundu. Akavua kiatu, na hapo ndipo nilipoona soksi yake imelowa damu kisiginoni. Alichana upande wa kitenge, akajifunga, akavaa kiatu tena, akaninyooshea mkono. Nilikuwa nimetarajia makofi. Kumbe tunarudi wote wawili, na yeye sehemu ile alikwisha kuitembea! Aliitembea mara tatu siku hiyo: kwa ajili yake, kwa kunirudisha, na kwa ajili yangu. Baba Rehema, aibu imemjaa, alitufuata polepole taa zikiwaka-waka, asithubutu hata kupiga honi.

Tulipogeuka penye ghala, machozi yakanishinda. “Mama, Amani akikosa kuja, ni sababu yangu?”

“Amani kuja ama kukosa, hiyo ni ya Mungu,” alisema. “Ya kutembea ndiyo yetu. Tembea.”

Tukatembea, na kesho yake tukafika kwa Mama Maria, miguu yote minne. Amani alikuja baada ya kusubiri miaka mingine mitatu. Sasa anaishi Buffalo, East Side, anafanya kazi kiwandani, na hucheka akisema kwamba waliomleta ni makarani, si visigino vya Mama. Simbishii. Mimi mwenyewe nahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia, nina ndoto nyingi kuliko nguo, na kila ndoto hunijia ikiwa na njia yake ya mkato. Hapo ndipo ninapomkumbuka yule mama wa soksi ya damu, na sijaona bado mtu mkubwa kumzidi.

Juzi nilimuuliza ilikuwa sala gani aliyoisali njia ile ya kurudi. Akacheka mpaka akashika kiuno. “Sala wapi! Nilikuwa nahesabu masanduku ya barua kando ya barabara, nisilie mbele yako.” Siku hizi mimi hupita huko kwa gari, maili zile mbili zikaisha kabla redio haijamaliza matangazo. Masanduku yangalipo, kila nyumba na lake. Najaribu kuyahesabu, yananipita.