Bigirimana na Bolti Nane

Mzee Bigirimana alifanya kazi ya ofisi miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakuna kitu kilichowahi kumshinda. Si kwamba alikuwa hodari. Kazi yake ilikuwa kuandika ripoti, na ripoti zake hazikuwa na neno kushindwa. Zilikuwa na mafanikio, changamoto na mapendekezo, basi. Daraja likizolewa na maji, kwa Bigirimana hiyo ilikuwa changamoto. Mimi ni Trinah, fundi cherehani. Nimepanga chumba cha mbele cha nyumba yake hapa Nyamirambo, Kigali, na mlango wangu unatazama pale anapoegesha gari. Niliyaona yote, na mengine afadhali nisingeyaona.

Gari lenyewe ni Karina ya kijani, ya zamani, kiti cha nyuma kimeng'olewa ili magunia yaenee. Tangu alipostaafu, kazi yake ilikuwa moja: kila asubuhi kumpeleka mkewe sokoni Nyabugogo, penye stendi ya mabasi, na mzigo wake wa maharage. Mkewe ni Pudentienne, ila sote tunamwita Mama Uwase, kwa jina la binti yao. Anauza kwa jumla, na akitoa neno lake harudi nyuma. Sasa Karina ikaanza kuugua. Ikisimama inatetemeka, inatoa sauti ya kuzomea, kisha inazima. Jumatatu moja ilizima kwenye lango la stendi, mabasi yakapiga honi, na wapagazi wakaisukuma huku wakiimba. Mama Uwase alikuwa ndani, amekaa wima kama yuko misani, na wateja wake wote wakamwona.

Mchana huo Bigirimana akamwita Ismaël, fundi mwenye gereji mtaa wa chini. Ismaël akainamia injini, akasikiliza.

"Muzee, hii gari iko inavuta hewa ya kuiba," alisema. "Gasketi ya manifoldi imekufa. Leta kesho, mimi nabadilisha."

Kwa asiyejua: hewa huingia kwenye injini kupitia bomba pana lenye matawi, ndiyo manifoldi. Kati ya bomba na injini kuna kipande chembamba cha kuziba, ndiyo gasketi. Kipande hicho kikichoka, hewa inapenya pembeni na injini inachanganyikiwa. Bigirimana akatangaza kwamba hakuna haja ya gereji. Angeibadilisha mwenyewe, nyumbani, kwani alikuwa ametazama video mbili.

"Baba Uwase, kweli unaweza?" mkewe akamwuliza.

"Kuna changamoto ndogo ndogo tu."

"Mimi sijauliza changamoto. Nimeuliza kama unaweza."

"Mpango kazi upo," alisema Bigirimana.

Mama Uwase akakata shauri. "Haya. Mpaka Jumamosi. Umuganda ikiisha, Mwita anakuja kuangalia. Ikiwa imepona, inabaki. Ikiwa haijapona, anainunua, na mimi natafuta mutu wa pikapu."

Umuganda ni kazi ya pamoja ya mtaa, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mwita ni Mtanzania, jirani yetu, anafanya kazi kwenye kampuni ya bima na anapenda magari ya zamani. Bigirimana akacheka, lakini kicheko hakikufika machoni. Nilikuwa nimemwona asubuhi nyingi akifuta vioo vya Karina kwa fulana yake mwenyewe. Bila gari lile angekuwa mzee wa kukaa barazani akingoja mke arudi kutoka kazini. Hilo alilijua, na lilimtia hofu.

Jumanne aliandika mpango. Jumatano alituita mimi na mkewe kwenye kikao cha kuupitisha. Tukaupitisha, tungefanyaje? Alhamisi ndipo aliposhika spana.

Hapo lazima niseme jambo. Wote wawili walikulia Bujumbura, na huko neno gufungura lina kazi mbili: ni kufungua, na pia ni kula. Siku hiyo Mama Uwase alikuwa amekaanga sambusa za akina mama wa kanisa, akaziacha jikoni zimefunikwa, akaenda dukani. Aliporudi akaita kutoka uani, kwa wema kabisa:

"Baba Uwase, umeshafungura?"

"Nimefungura!" Bigirimana akajibu, kichwa kimezama kwenye injini. "Nimefungura zote nane!"

"Zote nane?"

"Zote! Zilikuwa ngumu kama mawe. Moja mpaka nimeipiga nyundo."

Mama Uwase alitokea na mwiko mkononi. Nikalazimika kuacha cherehani na kusimama kati yao, nikamwonyesha bolti nane zilizopangwa kwenye gazeti. Akaenda jikoni, akahesabu sambusa, akazikuta zote, akarudi bado amenuna. Kula angeweza kusamehe, lakini zile "ngumu kama mawe" zilikuwa zimeshamwingia.

Ijumaa gasketi mpya ikawekwa. Ukweli ni kwamba Bigirimana alifanya mengi vizuri. Alikwangua mabaki ya ile ya zamani kwa subira, akapangusa, akapuliza. Shida ilianza kwenye kukaza. Mtu aliyeishi kwa orodha anajua njia moja tu: unaanza namba moja, unaimaliza, unakwenda namba mbili. Alikuwa ameziandikia bolti namba kwa chaki, kutoka kushoto kwenda kulia. Akaikaza ya kwanza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, ndipo akahamia ya pili.

Ismaël alikuwa akipita kwenda kuswali. Akasimama.

"Muzee, oya! Anzia katikati. Kidogo kidogo, unaenda inje, huku na huku. Ukianza pembeni, gasketi inajikunja."

"Asante kwa mchango wako," alisema Bigirimana, akaendelea na namba tatu.

Mimi nashona. Najua kwamba kitambaa ukikibana upande mmoja mpaka mwisho, upande wa pili unakunjamana. Nikamwambia. Akanishukuru na mimi kwa mchango wangu. Nilitamani kumtupia mkasi.

Akawasha. Karina ikatetemeka, ikazomea kama Jumatatu, tena kwa nguvu zaidi. Bigirimana alisimama akiisikiliza, kisha akaniambia, "Matokeo ya awali yanatia moyo."

Jumamosi asubuhi sote tulikuwa kwenye umuganda, tukizibua mtaro. Bigirimana alifyeka majani sehemu ileile moja mpaka udongo ukabaki uchi. Saa tano tukarudi. Mwita akaja, na Ismaël kando yake na mfuko wa spana, maana mnunuzi mwenye akili haendi kuangalia gari peke yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Gari hili lina tatizo gani?"

Mama Uwase alikuwa mlangoni. Nikamwona Bigirimana anafikiri, na kwa mara ya kwanza nikaelewa anachofikiri. Akisema changamoto ndogo ndogo, gari linakwenda. Njia ya kulibakiza ilikuwa moja tu, nayo hakuwahi kuipita maishani mwake. Akavuta pumzi.

"Lina kila tatizo," alisema. "Linavuta hewa. Gasketi nimebadilisha mimi, na nimeiharibu. Nilikaza bolti kama mtu anayesoma orodha. Fundi huyu hapa aliniambia nianze katikati, nikakataa kwa kiburi tu. Namba tano nimeisaga meno. Usukani unavuta kushoto. Mvua ikinyesha, miguu ya dereva inalowa. Kijana wangu, nimeliendesha miaka kumi na tisa. Usilichukue."

Mwita alilizunguka gari mara moja. Nikadhani amekata tamaa, anatafuta maneno ya kuaga.

"Mzee," alisema, "mwezi mzima nazunguka Kigali natafuta gari. Kila ninakokwenda, gari halina shida hata moja, lilikuwa la daktari, anaendea kanisani tu. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuniambia ukweli. Nalichukua."

Bigirimana alimgeukia mkewe, lakini neno la Mama Uwase lilikuwa limeshatoka, na Mwita ameshalisikia. Ismaël akalegeza bolti zote, akaweka gasketi nyingine aliyokuja nayo, akabadilisha namba tano, akakaza kuanzia katikati, kidogo kidogo, huku na huku. Kwa muda ule hata sufuria ya wali isingeiva. Karina ikawaka, ikanguruma kwa upole, haikutetemeka hata kidogo. Mwita akaitoa getini.

Bigirimana alikaa kwenye ngazi yangu, mikono imejaa grisi. Nilimwonea huruma, nasema kweli, na hasira yangu yote iliisha.

"Mama Uwase," alisema, "sikuweza. Tangu siku ya kwanza nilijua siwezi."

Mama Uwase aliangalia doa la oili pale gari lilipokuwa. Kisha akaketi kando yake.

"Ungesema Jumatatu," alisema, "ningempa Ismaël kazi, na gari ingebaki."