Mamba Muntu Bila Visa

Juzi, katika saluni moja ya Kamembe, mji wa mpakani kando ya ziwa, binti mweusi tititi alikuwa anasukwa kwenye kiti cha jirani yangu. Kesho yake vijana wa parokia wangechagua msichana wa kuigiza mamba muntu katika mchezo wao, yule mwanamke wa ziwani mwenye mkia wa samaki, naye aliitaka sana nafasi hiyo.

Msusi aliposikia hivyo alisimamisha vidole. "Mutoto wangu, mamba muntu ni mweupe! Kule kwetu Bukavu tulikuwa na picha yake ku ukuta. Mweupe pe!"

"Maman, ule aliichora alimuonaka?"

"Aa, hapana. Lakini batu bote banajua."

Muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, aliyengoja zamu yake akadakia: "Mie navuka mupaka wa Rusizi ya Pili kila siku. Muzungu akifika pale, banamuomba visa. Huyu wa mu ziwa, nani alimupigia muhuri?"

Tulicheka wote, isipokuwa binti. Alijitazama tu kiooni.

Nikawaza: mkia wa samaki tumeukubali bila swali, tumekwama kwenye ngozi.

Msusi akafungua pakiti nyingine ya nywele. "Haya. Unataka zifike wapi?"

"Ku mukia, Maman."