Kona ya Chini

Mama Visiki alikuwa na magoti mawili, na yote mawili yalistaafu kabla yake. Tabibu wa zahanati aliyabonyeza kidogo, akauliza yameanza kuuma lini. "Tangu kisiki cha kwanza," mama akajibu. Tabibu akacheka, yeye hakucheka. Akaandikiwa vidonge, akaambiwa aache kuinama. Aache kuinama! Alitoka kwenye kile chumba chenye benchi moja na mizani mbovu, akatembea kwa hasira mpaka nyumbani bila kupumzika njiani, na alipofika magoti yalikuwa yamevimba kuliko alipoondoka.

Kazi yake ilikuwa kung'oa mti wa aina moja tu. Watu wa hapo waliuita Mgeni, kwa sababu zamani haukuwapo. Uliletwa ukiwa miche, ukasifiwa kwamba una kivuli na hauogopi ukame, na kila nyumba ikapanda wake karibu na mlango. Marehemu mume wa Mama Visiki alipanda miwili. Miaka ikapita, Mgeni akajifanya mwenyeji. Akashuka bondeni, akaziba njia za ng'ombe, akanywa maji ya ardhini mpaka visima vikabaki tope, na chini yake halikuota hata jani la kumdanganyia mbuzi. Miiba yake ilitoboa matairi, kandambili na miguu ya watu. Ukimkata leo, keshokutwa anarudi na vichipukizi saba, kana kwamba umemtukana. Njia ya kumtoa ilikuwa moja: sururu, kuchimba kando ya shina hadi kina cha kiwiko, kisha kukitoa kisiki pamoja na shingo ya mzizi. Kisiki kimoja kilikula asubuhi nzima.

Miaka mitatu nyuma, afisa malisho alikuja na kamba, vigingi na maneno mengi. Akapima kipande cha malisho chenye ukubwa wa viwanja vitano vya mpira. Akasema kizungushiwe ua wa matawi, Mgeni ang'olewe, vichimbwe vishimo vya nusu mwezi vya kushika maji ya mvua, kisha zipandwe mbegu za nyasi za asili, zile ambazo wazee walizijua kwa majina na vijana hawajawahi kuziona. Wanawake kumi na mmoja walijiandikisha. Wafugaji walikaa pembeni wakicheka. Aliyecheka kuliko wote alikuwa mwenyekiti wao, ambaye ni shemeji yake mama huyu, mdogo wa marehemu mumewe. Ndiye aliyembandika jina la Mama Visiki. Jina likaganda.

Mwaka wa kwanza liliota vumbi. Mwaka wa pili zikachomoza nyasi chache zenye aibu. Mwaka wa tatu nyasi zilifika magotini, na wale waliokuwa wakicheka wakaanza kupita polepole karibu na ua wakijifanya wanatafuta ndama. Kati ya wale wanawake kumi na mmoja walikuwa wamebaki wanne, na mmoja wao alikuwa binti yake Mama Visiki, fundi cherehani aliyeacha cherehani yake kwa kubembelezwa na mama.

Makubaliano yalikuwa wazi, tena yaliandikwa kwenye daftari la ofisi ya malisho. Mvua za mwaka wa tatu zikishika, kamati ya wafugaji itaingia kukagua. Wakikuta nyasi tupu, lango litabaki limefungwa na bonde zima litafuata kusafishwa. Wakikuta Mgeni amerudi, lango litafunguliwa, ng'ombe wataingia, na mambo yataishia hapo. Ukaguzi ulipangwa Alhamisi. Siku hiyohiyo Mama Visiki angemkabidhi binti yake sururu. Hakuwa na ndoto kubwa. Alitaka kukaa, basi. Kukaa chini, miguu ameinyoosha, bila mtu kumuuliza kitu.

Jumatatu alishuka kukagua kona ya chini. Hakuwa amefika huko tangu mvua zianze, wiki tatu zilizopita, kwa sababu ya mteremko na magoti yake. Kona hiyo ilikuwa imemsumbua tangu mwanzo. Udongo wake ulikuwa umechukuliwa na maji, nyasi zake zilikuwa na rangi ya mgonjwa. Basi kabla ya mvua, bila kumwambia mtu yeyote, alikwenda kwenye zizi la shemeji yake akabeba samadi kichwani, ndoo moja moja, kwa siku sita, akaimwaga kwenye vishimo arobaini. Kwenye bustani yake ya mboga samadi haikuwahi kumwangusha. Alitaka kumshangaza afisa. Alitaka pia, tuseme ukweli, kusifiwa kidogo.

Alipoona kijani kwa mbali moyo ulimruka. Alipokaribia ukamshuka. Vilikuwa vijani vidogo vimepangana pande mbili kama meno ya kitana, na yeye alivijua hata akiwa usingizini. Vilijaa kila kishimo, miche thelathini, arobaini kwa kishimo kimoja, vikifuata mpindo wa nusu mwezi pale mkono wake ulipomwaga samadi, wala havikutoka nje yake hata hatua moja. Hakuhitaji afisa wa kumweleza. Kiangazi kilichopita nyasi za nje ziliisha kabisa, na ng'ombe wa shemeji waliponea maganda ya Mgeni, yale ya manjano, matamu. Tumbo la ng'ombe linameng'enya ganda na kuiachia mbegu ipite nzima. Zizi lilikuwa ghala la mbegu, na yeye alilihamisha kwa kichwa chake.

"Mjinga wewe," alijiambia kwa sauti. "Mjinga mkubwa wewe."

Alijaribu kung'oa mche mmoja kwa vidole. Ulikatika shingoni, mzizi ukabaki ardhini. Wa pili vilevile. Kuutoa mzima kulihitaji kuchimba, na miche ilikuwa zaidi ya elfu. Siku tatu zisingetosha, hata kama angekuwa na magoti ya msichana.

Hapo ndipo wazo baya lilipomjia, nalo halikubisha hodi. Kukata vichwa tu ni kazi nyepesi. Akivikata vyote, Alhamisi kona itakuwa safi. Baada ya wiki mbili vitarudi, kila kimoja na vichwa viwili, lakini kamati itakuwa imeshapitisha, na sururu haitakuwa mikononi mwake tena.

Jumanne aliwaambia wenzake wasishuke, kule kuna utelezi. Akashinda anakata vichwa kwa kucha. Safu ya kwanza ikaisha. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata aibu aliisikia kwa mbali.

Jioni binti yake alimketisha kwenye kigoda mlangoni, akamshika kisigino, akaanza kuutafuta mwiba kwa sindano.

"Mama, mguu huu una miti mingi kuliko bonde."

"Chomoa, acha maneno."

Binti akachomoa, akautia mguu kwenye beseni la maji ya moto yenye chumvi. Kisha akaingia ndani, akarudi na vitu viwili. Kimoja kilikuwa mto wa kitambaa cheusi, mnene, umeshonwa kingo mara mbili. "Huu wa kukalia. Kuanzia Alhamisi hushiki kitu." Cha pili kilikuwa ile sururu, mpini wake ameupunguza kwa kipande cha chupa na kuuvika kitambaa, utoshe kiganja chake kidogo. Alikuwa akijiandaa kuipokea kama mtu anayepokea kitu cha thamani. Mama Visiki alisema maji ya beseni yamepoa, akainuka, akaenda kulala na njaa.

Jumatano hakukata hata kichwa kimoja.

Alhamisi wanakamati sita waliingia langoni pamoja na afisa malisho. Walitembea katika nyasi za upande wa juu wakizigusa kwa viganja. Mmoja wao, mfuga mbuzi mwenye ulimi mkali, alichuma suke, akalisugua, akalinusa. Jua lilikuwa limepanda na watu walishaanza kutazama kivuli cha langoni. Shemeji akapanguza jasho.

"Shemeji," alisema, "mimi nilikucheka mbele ya watu, basi mbele ya watu nasema umenishinda. Lango tunalifunga. Bonde linafuata. Nawe nenda ukapumzike, umemaliza kazi."

Wanawake wawili wakapiga vigelegele. Binti yake akamtazama huku akicheka, sururu begani. Mama Visiki alisikia neno pumzika likimpita mwilini mpaka kwenye magoti. Lilikuwa tamu. Angeweza kunyamaza tu, kunyamaza si kazi.

"Hamjaona kona ya chini," alisema.

"Kona ni kona tu, mama," alisema mfuga mbuzi. "Twende kivulini."

"Twendeni kona ya chini."

Walishuka. Hakuna aliyehitaji kuonyeshwa. Afisa malisho alivua kofia, akaivaa tena. Mama Visiki akawaeleza yote: samadi, ndoo, siku sita, hata ile safu aliyoikata vichwa ili wasione. Alieleza bila kulia na bila kujitetea, kwa sauti ya mtu anayetaja vitu vilivyoibwa.

"Makubaliano ni makubaliano," alisema mfuga mbuzi. "Mgeni yumo. Lango lifunguliwe."

Shemeji akachuchumaa. Akaitazama miche.

"Samadi ulichukua wapi?"

"Kwako, shemeji."

"Zizi gani?"

"La ng'ombe wakubwa."

 Shemeji akanyanyuka na kumgeukia mfuga mbuzi. "Ukifungua lango, nani ataingia? Si ng'ombe walewale? Si mbuzi wako? Watakula nyasi mwezi mmoja, halafu watapanda kiwanja kizima kwa matumbo yao, kama walivyopanda hapa. Huyu mama amebeba ndoo. Sisi tumekuwa tukiswaga ghala zima kila siku."

Walibishana mpaka vivuli vikajikunja miguuni. Mwisho wakakubaliana, kwa shingo upande. Lango lingebaki limefungwa mwaka mmoja zaidi. Bonde lingesubiri. Na kona ya chini isafishwe mche kwa mche na mizizi yake, la sivyo mwakani hakuna mazungumzo. Wakaondoka mmoja mmoja, bila vigelegele. Shemeji alibaki nyuma, akajaribu kung'oa mche, ukakatika mkononi mwake. Akautazama kwa aibu, akautia mfukoni, akaenda zake.

Mwaka mmoja zaidi. Mama Visiki alitazama vile vishimo arobaini na hakuona pa kuanzia. Hakuwa na furaha, wala majuto. Alikuwa amechoka, amechoka mpaka kwenye nywele.

"Nipe hiyo sururu," alimwambia binti yake.

Binti hakumpa. Alikuwa amekasirika, ilionekana kwenye pua. "Ungeniachia hivi," alisema. "Ungenipa sururu leo, halafu baada ya wiki mbili nikute haya peke yangu."

"Ndiyo."

"Mama!"

"Ndiyo, ningekuachia. Nilikata safu nzima."

Binti akageuka, akapanda mteremko. Mama akadhani amekwenda. Akainama mwenyewe, mkono mmoja kwenye goti, wa pili ukitafuta udongo. Kisha akasikia hatua zikirudi. Binti alikuja na ule mto mweusi kutoka langoni, akauweka chini kando ya kishimo cha kwanza, akaupiga mara mbili kutoa vumbi.

"Kaa," alisema, bila kumtazama. "Kaa unionyeshe."

Mama Visiki akakaa. Akanyoosha miguu, mmoja kisha wa pili, na magoti yakalia kwa sauti waliyoisikia wote wawili. Binti akapiga magoti, akaingiza sururu kando ya mche, akaanza kuufuata mzizi.

"Hapo?"

"Chini zaidi."

"Hapa?"

"Bado," alisema mama. "Chini zaidi."