Kengele ya Mzee Asukile

Kikohozi cha Mzee Asukile kilijulikana Uyole nzima. Hakikuwa cha ugonjwa, kilikuwa cha heshima. Kwa mila yao Wanyakyusa, mkamwana hamtazami baba mkwe usoni wala hasemi naye, hivyo mzee mwenye adabu akikaribia hukohoa na kuita, "Napita!" ili mwanamke ajitenge. Tupokigwe, mke wa mwanawe Sedekia, alikaa miaka sita akimjua mkwewe kwa sauti tu.

Mwaka 1956 sauti ile ikaanza kukwaruza, mavuno yakaisha bado inakwaruza. Sedekia akampeleka Iringa. Daktari akamchungulia koo kwa kioo kidogo, akasema ni saratani, ila imewahiwa.

"Njia ni mbili, mzee. Kuna mionzi: hukatwi, na sauti huenda ikabaki. Ila mashine iko ng'ambo, na utachomwa karibu kila siku kwa wiki sita. Au kisu, hapa hapa, mara moja. Utabaki na mnong'ono. Kwa ugonjwa mchanga hivi, nafasi ya kupona kwa njia zote mbili inakaribiana."

"Baba, twende ng'ambo," Sedekia akasihi.

Asukile hakuogopa kisu. Aliogopa kuwa mkwe anayenyatia kama mwizi wa kuku. Lakini ng'ambo ni mbali, na uvimbe haumngoji mtu.

"Nikate," akasema. "Mtu akiwa hai atajifunza adabu upya."

Akapona, Mungu ashukuriwe. Baadaye mzee alimwombea yule daktari kanisani kila Jumapili, mpaka waumini wakalizoea jina la daktari.

Lakini asubuhi ya kwanza aliporudi nyumbani, kwenye njia ya kisimani, alifungua mdomo akohoe na kuita. Ukatoka upepo. Tupokigwe akaibuka konani, wakakutana uso kwa uso. Mtungi ukaanguka ukavunjika, mama wa watu akakimbilia migombani. Asukile alijifungia ndani kutwa nzima kwa aibu. Alijuta kwamba hakwenda ng'ambo.

Kesho yake fimbo yake ya kutembelea haikuonekana. Jioni Sedekia akaileta, imefungwa kengele ya ng'ombe kwa kipande cha khanga.

"Ni mke wangu, baba. Anasema hakukukimbia kwa chuki. Wewe utikise tu, atasikia."

Mzee akalia bila kujificha. Tangu siku hiyo alitikisa kengele kila alipopita. Hata akijua kwamba Tupokigwe yuko mbali shambani, na njia ni tupu, alisimama akaitikisa kwa nguvu, imfikie huko huko. Asante nyingine ya kumpa hakuwa nayo.