Muuguzi Aliyejipima Mbele za Watu

Kila Jumapili baada ya misa, muuguzi mmoja wa mtaa uitwao Kenya huweka meza yake kwenye uwanja wa parokia na kuwapima watu tension, yaani shinikizo la damu. Mikono yake ni minene lakini myepesi. Humfunga mtu kitambaa cha mashine huku akimuuliza habari za watoto, na kabla mtu hajajibu, kazi imekwisha. Sauti ndiyo nzito: "Papa, punguza chumvi na pombe. Mama, tembeya na miguu." Wanawake humsikiliza. Wanaume, hasa vijana, husimama mbali wakicheka kwamba ugonjwa wa moyo ni wa wazee wenye matumbo.

Jumapili iliyopita aliwaita, wakakataa tena. Akaketi, akajifunga mkono wake mwenyewe mbele ya wote. Namba zilipotokea aliinama kuzitazama. Angeweza kuizima mashine. "Kumi na saba juu ya kumi!" akasoma kwa nguvu, yaani 170 kwa 100. "Tension yangu iko juu sana, na sina ata miaka makumi ine! Kesho naenda kwa munganga wa hospitali." Kisha akacheka mpaka meza ikatikisika. Makanika mmoja kijana akasogea, akikunja mkono wa shati.

"Mama, unipime na miye. Lakini usisome kwa nguvu."