Ufunguo Uliorudi Kwangu

Nakumbuka asubuhi moja hapa Rumonge, mwanangu, wakati wa vita, nilipomshinda mtu kwa maneno nikajiona nimepata. Kaa hapo. Hiyo simu iweke chini kwanza. Umekuja mbio kunieleza kwamba gari yako ya umeme imepata shofere wa kuikodi, na kwamba kijana wa watu alikuuliza: siku umeme ukikatika na gari haikuchajiwa, siku hiyo ni ya nani? Ukamjibu, "Ni yako, shauri yako." Ukacheka, ukangoja na mimi nicheke. Sikucheka, kwa sababu jibu hilo nilishalitoa kwa mdomo huu huu, mama yako akiwa bado mgongoni.

Babu yako alikufa kwa ugonjwa, akaniachia mtoto mmoja na kamyoneti ya buluu, gari ndogo ya mizigo. Mimi nilikuwa nauza mawese sokoni, na ulimi nilikuwa nao, usiniangalie hivi nilivyo leo. Wanaume wa mawese wakiniona naja walianza kuapa kabla sijauliza bei. Gari lakini sikujua kuendesha, nikatafuta wa kumkodisha. Akaja Byamungu, Mkongomani wa upande wa Uvira, mtu mpole, muimba kwaya, mikono mikubwa kama makasia. Alikuwa na mke na watoto wanne katika chumba cha kupanga kule Kizuka, na hakuwa na kingine.

Mapatano tuliyafanyia kwa Mzee Ramazani, fundi cherehani, ambaye mtaa mzima ulimtumia kuwa shahidi. Yule mzee alikuwa na desturi yake. Hakukubali watu waseme tu "tumepatana". Alitaka kila mmoja aseme neno la mwenzake: wewe utaje anachotaka yeye na anachoogopa, naye ataje chako. Byamungu akasema yangu vizuri sana. Mama Zaina anataka kodi yake kila siku gari ikiwa nzima, anaogopa gari kuibwa, kwa hiyo ufunguo utalala kwake kila jioni. Hakuacha kitu.

Ikaja zamu yangu. Byamungu alikuwa ameomba jambo moja tu: siku barabara ikiwa mbaya, gari ilale, na kodi ya siku hiyo isidaiwe. Barabara ya Bujumbura unaijua, mlima huku, ziwa huku, pa kukwepea hakuna. Siku zile watu wa porini walikuwa wakishuka, wanapiga gari risasi, wanachukua mali, wanapanda. Askari walifungua barabara asubuhi, na hata ikifunguliwa watu walikufa.

"Mama Zaina," Mzee Ramazani akaniambia, "sema wewe sasa. Huyu anaogopa nini?"

Nikasema, "Anaogopa kazi."

Watu wakacheka. Byamungu naye akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu mwenye shida. Mzee hakucheka. Aliweka mkasi chini akaniambia, "Mwanangu, umemushinda. Hamujapatana." Nami nikamjibu, ee Mungu nisamehe, nikamjibu mzee wa umri ule: "Gari ikilala, mutoto wangu atakula matairi? Kila mutu abebe lake." Akamgeukia Byamungu amuulize kama amekubali. "Nifanye nini, Mzee? Nimekubali." Basi Mzee Ramazani akasema yeye si shahidi wa hayo, akashika tena nguo aliyokuwa anashona. Nilikwenda kwa muuza nyama wa jirani, huyo hakuuliza kitu, akashuhudia akaendelea kukata mifupa yake.

Miezi ikapita, kodi inakuja, ufunguo unalala kwangu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mimi nilikuwa nimeshiba ushindi wangu. Halafu ikaja hiyo asubuhi. Byamungu alifika mlangoni kama kawaida. "Amahoro, Mama Zaina." Nilikuwa nachambua mchele. Ufunguo nilimnyooshea, hakuupokea. Akasema pale parkingi gari zote zimesimama, watu waliotoka Gitaza, njia ya Bujumbura, wamesikia risasi tangu alfajiri.

"Wenzangu wote wamelala leo, Mama. Na sisi tulale?"

"Kulala unaweza," nikamwambia, macho yangu kwenye ungo. "Ya leo utaileta?"

Nilijua hana. Nilijua, mwanangu, wala sitakudanganya leo kwamba sikujua. Kisha akaupokea ufunguo akasema, "Haya, Mama. Murakoze." Alinishukuru! Neno "kaa" lingenigharimu nini?

Walimpiga kabla hajafika Gitaza. Tairi zilipasuka, akasimama, akashuka akikimbilia ziwani, wakampata kwenye mawe ya ufukweni. Gari waliichoma na mawese yote, moshi wake ulionekana mbali. Wavuvi wa ndagala ndio waliomleta kwa mtumbwi mpaka Rumonge. Mtu anakimbia roho yake, na bado alikuwa amechomoa ufunguo. Walimkuta nao mkononi.

Mchana ule mke wake alikuja kwangu. Nilijiandaa kutukanwa, hata kupigwa. Alininyooshea ufunguo kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. "Mama Zaina," akasema, "mulisema ulale kwenu." Basi. Nilipeleka mchele msibani na kitambaa cha sanda, akapokea, akashukuru. Baadaye alivuka ziwa na watoto wake wanne, na vita vilipokwisha nilimtafuta mpaka Uvira nisimwone. Hasira yake naingoja mpaka leo.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, lakini guu lililovunjika halikuwa langu, na hilo ndilo linaloniuma. Nilikwenda kwa Mzee Ramazani nikakaa chini. Hakunilaumu. Aliniuliza tu lile swali lake: "Haya, sema. Alikuwa anaogopa nini?" Nikalia nikasema, "Aliogopa kufa, Mzee. Na mimi aliniogopa zaidi."

Sikukatazi faida, mwanangu. Biashara si sadaka, na gari umeinunua kwa jasho lako. Lakini mapatano hupimwa kwa siku mbaya, maana siku nzuri kila mtu ni mwema. Kesho mwite yule kijana kabla hamjatia sahihi. Mwache aseme hofu yako, kwamba betri itaharibiwa, kwamba ataipeleka gari penye mashimo. Kisha wewe useme yake kwa mdomo wako, siku ya umeme kukatika, watoto wanaomngoja nyumbani, mpaka yeye mwenyewe aseme "ndiyo, ndivyo". Siku hiyo mbaya igaweni, nusu yako nusu yake. Mdomo wako ukishindwa kuitaja hofu yake, usiweke sahihi, maana hamjapatana bado.

Na huu hapa, shika. Ndio wenyewe. Uweke mfukoni unapokwenda kuongea naye, kisha unirudishie jioni, kwa sababu nilisema ulale kwangu na utalala kwangu mpaka nife.

Nenda na baraka zangu. Mungu aibariki gari yako, ipate watu na ipate njia. Na shofere wako arudi kwa watoto wake kila siku, hata ile siku ambayo hana cha kukuletea.